Kunasa matukio kwenye CICS na kuyafikisha yanakotakiwa: mwongozo kamili

Ombi lenyewe huja likiwa dogo. Mtu wa biashara anakuja mezani kwako na kusema, "Bidhaa ikikaribia kuisha ghalani nataka taarifa hapo hapo, sio kesho asubuhi kwenye ripoti." Unafungua programu inayohusika. Ni COBOL iliyoandikwa kabla hujaanza shule, aliyeiandika kastaafu zamani, na ukibadilisha mstari mmoja unadaiwa wiki za majaribio na saini za watu wanne. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuigusa.

Habari njema ni kwamba si lazima uiguse. Tangu toleo la 4.1, lililotoka 2009, la CICS TS, mfumo wa IBM unaoendesha miamala kwenye kompyuta kubwa (mainframe), CICS yenyewe inaweza kutazama amri za EXEC CICS, yaani zile ambazo programu inazitumia kuiomba CICS kazi. Ikiona amri inayolingana na masharti uliyoweka, inachukua data unayoitaka na kuituma nje. Programu haijui lolote, wala haikompailiwi upya.

Mwongozo huu unapita njia nzima, kuanzia wazo hadi ujumbe kuonekana kwenye foleni. Nimechukulia kwamba unaifahamu CICS kiasi: unajua CEDA na CEMT (miamala ya kufafanua na kusimamia rasilimali za CICS), na unaweza kusoma kopibuku ya COBOL, yaani maelezo ya mpangilio wa rekodi.

Kabla ya kufungua kifaa chochote

Watu wengi huanza na swali la "ninase wapi?" Mimi nashauri uanze na "nani anapokea, na akikosa ujumbe mmoja itakuwaje?" Sababu iko kwenye muundo wenyewe. Maelezo yote ya tukio hukaa ndani ya faili moja liitwalo fungamanisho la tukio, lenye kiambishi .evbind. Ndani yake mnakuwa na sehemu tatu: tukio lenyewe na data linayobeba, masharti ya kunasa, na adapta inayopeleka ujumbe. Fungamanisho moja linaweza kuwa na matukio kadhaa na masharti mengi ya kunasa, lakini njia ya kutokea ni moja kwa yote. Kwa hiyo ukitaka tukio la stoku liende idara ya manunuzi na tukio la udanganyifu liende usalama, hayo ni mafungamanisho mawili. Nimeona watu wakirundika kila kitu kwenye fungamanisho moja, kisha mwezi wa pili wanalivunja na kuanza upya.

Swali la "akikosa ujumbe mmoja" nitalirudia mbele, maana ndilo linaloumiza.

Mfano tutakaotumia

CICS huja na programu za mfano za katalogi ya vifaa vya ofisi. Muamala wake ni EGUI, programu inayosimamia ni DFH0XCMN, na inayosoma na kuandika faili la VSAM (aina ya mafaili ya mainframe) ni DFH0XVDS. Faili lenyewe ni EXMPCAT. Mtumiaji akiagiza kalamu, DFH0XVDS inasoma rekodi kwa nia ya kuibadilisha, inapunguza idadi ya stoku, kisha inatoa REWRITE, amri ya kuandika upya rekodi. Hiyo REWRITE ndiyo mlango wetu: tunataka tukio kila stoku inapoandikwa ikiwa chini ya 24.

Rekodi ya EXMPCAT imepangwa hivi (ofseti ni idadi ya baiti zilizotangulia shamba, kwa hiyo zinahesabiwa kuanzia 0):

- namba ya bidhaa, tarakimu 4, ofseti 0
- maelezo, herufi 40, ofseti 4
- idara, tarakimu 3, ofseti 44
- bei, herufi 6, ofseti 47
- stoku iliyopo, tarakimu 4, ofseti 53
- zilizoagizwa, tarakimu 3, ofseti 57

Zinazobaki mwishoni ni nafasi tupu. Iwe ni mazoea yako kukaa na kopibuku na kalamu ukahesabu mwenyewe, hata kama kifaa kinaweza kukuhesabia. Nitaeleza kwa nini punde.

Hatua ya 1: tengeneza bando

Kazi hii hufanyika kwenye CICS Explorer, ambayo imejengwa juu ya Eclipse. Tengeneza mradi mpya wa bando la CICS. Bando hapa si la intaneti, ingawa wazo linakaribiana: ni furushi la vitu vinavyosafiri pamoja, na ndani yake kuna faili la META-INF/cics.xml linaloorodhesha kilichomo. Upe mradi jina linaloeleweka, kisha ndani yake ongeza fungamanisho jipya. Jina la fungamanisho lina kikomo cha herufi 32, na litaonekana kwenye CEMT, kwa hiyo usiliite "test1". Hiyo "test1" huwa inafika hadi prodakshini.

Hatua ya 2: eleza tukio

Hapa unaandika jina la tukio, tuseme BidhaaInakaribiaKuisha, na vitu litakavyobeba: nambaBidhaa, maelezo, stoku, zilizoagizwa. Kila kimoja kinapewa aina, maandishi au namba, na urefu.

Fikiria kama mpokeaji. Hajui EXMPCAT ni nini wala hapaswi kujua. Tukio liitwe kwa lugha ya biashara, kwa sababu kesho data ikihamia sehemu nyingine utabadilisha masharti ya kunasa tu, na mpokeaji hatatambua tofauti. Wala usibebe rekodi nzima "kwa ajili ya baadaye". Beba kinachohitajika.

Hatua ya 3: masharti ya kunasa

Hapa ndipo penye kazi. Unachagua kwanza sehemu ya kunasia, yaani amri. Orodha ina amri nyingi za kawaida: za faili, LINK na XCTL, SEND MAP, PUT CONTAINER, START, kuandika kwenye foleni za TS (za hifadhi ya muda) na TD (za kupitishia data). Pia kuna kuanza kwa programu. Sisi tunachagua REWRITE.

Kisha vichujio, navyo viko katika tabaka tatu.

La kwanza ni mazingira: muamala, programu, mtumiaji, na jibu la amri. Hakikisha sharti la jibu ni OK. REWRITE iliyoshindikana haijapunguza stoku yoyote, na hutaki kumwamsha mtu wa manunuzi kwa kitu ambacho hakikutokea. Kwenye programu unaweza kuweka DFH0XVDS, lakini mimi huacha wazi. Anayepunguza stoku kwa njia nyingine naye namtaka.

La pili ni chaguo za amri, na hapa kuna kitu kimoja kikubwa: jina la faili. Andika "ni sawa na EXMPCAT". Usiache wazi, na usitumie "inaanza na" kama una jina kamili. Jina hili ndilo kichujio kikuu ambacho CICS inakitumia kutupa haraka amri zisizohusika. Ukiliacha wazi, kila REWRITE ya kila faili kwenye rijeni (CICS moja inayoendeshwa) itaingia kwenye ukaguzi wa kina, na kwenye rijeni yenye miamala mingi utaliona hilo kwenye matumizi ya prosesa.

La tatu ni data yenyewe. Tunachukua eneo la FROM, ofseti 53, urefu 4, aina ya desimali ya zoni, sharti "ni ndogo kuliko 24".

Sasa ile kalamu na karatasi. Chukua rekodi ambayo stoku ni 0006 na zilizoagizwa ni 050. Kuanzia ofseti 53, tarakimu zimepangwa 0006050. Ukikosea ukaandika 54, CICS itasoma 0060, yaani sitini. Sitini si ndogo kuliko 24, kwa hiyo tukio halitatokea. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna abendi (programu kukatika ghafla). Kila kitu kinaonekana kizima, ila foleni ni tupu. Kosa la kukosea kwa moja huwa linatokea pale mtu anapohesabu kuanzia 1 kama ambavyo kihariri cha ISPF, kile cha mafaili kwenye mainframe, kinavyoonyesha safu, wakati ofseti zinaanzia 0. Nimewahi kupoteza alasiri nzima kwa hilo.

Aina ya data nayo inafanana. Shamba la PIC 9(4) la kawaida ni zoni: kila tarakimu baiti moja, F0F0F0F6 kwa heksa. Shamba la COMP-3 ni desimali iliyofungashwa. Ukizichanganya, afadhali kidogo, maana mara nyingi CICS itashindwa kubadilisha thamani na utaona ujumbe unaoanza na DFHEC kwenye logi.

Maliza kwa kuunganisha kila kitu cha tukio na chanzo chake: nambaBidhaa inatoka FROM ofseti 0 urefu 4, maelezo ofseti 4 urefu 40, na kuendelea.

Mambo mawili usiyategemee. Kwanza, CICS haikumbuki. Kila amri inaangaliwa peke yake, kwa hiyo bidhaa ikishuka hadi 23 utapata tukio, ikishuka hadi 22 utapata jingine, na kuendelea hadi iletwe stoku mpya. Kuzuia marudio ni kazi ya mpokeaji. Pili, kunasa huku ni kwa amri za EXEC CICS. Programu inayobadilisha stoku kwa EXEC SQL kwenye hifadhidata ya Db2 haionekani kupitia mlango huu. Hapo utafute amri ya karibu, mfano LINK au PUT CONTAINER inayobeba data ileile, au ukubali kugusa programu na kuweka mstari mmoja:

EXEC CICS SIGNAL EVENT('BIDHAA.IMEUZWA') FROMCHANNEL('STOKU') END-EXEC

Kama programu inafunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, mimi huomba mstari huu uwekwe. Unasema wazi kilichotokea, na hautegemei ofseti za mtu.

Hatua ya 4: adapta

Kuna adapta za foleni ya MQ (mfumo wa IBM wa kupitisha ujumbe kati ya programu), foleni ya TS, foleni ya TD, HTTP, kuanzisha muamala mwingine, na ya kujitengenezea mwenyewe. Hata kama safari yako inaishia MQ, anza na foleni ya TS. Haihitaji mtu wa idara nyingine, na unaisoma papo hapo kwa CEBR, muamala wa kutazama foleni. Ipe jina, mfano TUKIO.STOKU, na muundo wa rekodi bapa ya CICS.

Usiiache hiyo foleni ikiendelea kujaa baada ya majaribio. Foleni ya TS inabeba vitu 32,767 tu, na kwenye rijeni yenye shughuli idadi hiyo inafika mapema kuliko unavyodhani.

Unaweza kuandika adapta ndani ya fungamanisho, lakini mimi naiweka kwenye faili lake la .epadapter na fungamanisho linaitaja kwa jina. Hivyo nikihama kutoka TS kwenda MQ, sigusi masharti ya kunasa ambayo tayari yamejaribiwa. Na ukihitaji tukio moja lifike sehemu mbili, mfano MQ kwa ajili ya manunuzi na TD kwa ajili ya kumbukumbu, fungamanisho litaje seti ya adapta badala ya adapta moja.

Adapta ya kujitengenezea ni programu ya kawaida ya CICS inayoitwa ikiwa na chaneli ya DFHEP.EVENT. Ndani yake inakuta kontena za DFHEP.DESCRIPTOR na DFHEP.CONTEXT, na data yenyewe kwenye DFHEP.DATA.00001, DFHEP.DATA.00002 na kuendelea, kwa mpangilio ulioueleza kwenye tukio. Iandike pale tu zilizopo zikishindwa.

Hatua ya 5: muamala na jinsi ya kutuma

Mipangilio hii iko kwenye sehemu ya ziada ya adapta, na wengi huipita bila kuisoma.

Niliwahi kuitwa usiku kwenye mfumo mmoja ambao wateja walikuwa wanapata ujumbe wa kutoa fedha ambazo hawakupewa. Mtu kasimama mbele ya mashine, mashine imekataa, lakini simu inamwambia ametoa laki mbili. Tukio lilikuwa linanaswa kwenye amri ya kuandika, na kweli amri ilipita. Hatua iliyofuata ndiyo iliyoanguka, CICS ikarudisha kila kitu nyuma, salio likabaki vilevile. Ujumbe pekee ndio haukurudi, kwa sababu tukio halikuwa limewekwa kuwa sehemu ya muamala.

Ukichagua matukio yafuate muamala, CICS inayashikilia hadi sehemu ya usawazishaji (syncpoint). Muamala ukithibitishwa yanatoka, ukirudishwa nyuma yanatupwa. Kwa karibu kila tukio la biashara hicho ndicho unachokitaka. Kinyume chake kina mahali pake pia: ukitaka kujua majaribio yaliyoshindwa, mfano kwa ajili ya usalama, basi tukio litoke hata kama kazi imerudi nyuma.

Chaguo jingine ni kutuma papo kwa papo au baadaye. Kwa kawaida tukio linawekwa kwenye foleni ya ndani ya kumbukumbu ya kompyuta (memori), kazi nyingine ya CICS inalituma, na muamala wa mtumiaji hausubiri. Hii ni nyepesi, lakini rijeni ikianguka wakati matukio yapo kwenye kumbukumbu, yamepotea. Ukichagua papo kwa papo, kutuma kunakuwa sehemu ya kazi ileile: ujumbe ukishindwa kuingia MQ, na muamala wenyewe unarudi nyuma. Hapo ndipo lile swali la mwanzo linapodai jibu. Kwa taarifa ya stoku, kupotea kwa moja si msiba, kwa kuwa agizo linalofuata litaleta jingine. Kwa miamala inayokaguliwa na mdhibiti, nenda papo kwa papo, na uwaambie wenye programu wazi kwamba MQ ikisimama nao wamesimama.

Hatua ya 6: sambaza na sakinisha

Kwenye Explorer, hamishia mradi kwenye zFS (mfumo wa mafaili wa mainframe), tuseme /u/cics/bando/katalogi/. Ukiamua kuhamisha mwenyewe kwa FTP, tumia hali ya baineri, vinginevyo XML itafika imeharibika. Kitambulisho cha rijeni, sio chako, ndicho kinachohitaji ruhusa ya kusoma mafaili na kupita kwenye saraka. Ukisahau hili, bando litasakinishwa na kubaki limezimwa.

Kisha:

CEOT TRANIDONLY
CEDA DEFINE BUNDLE(KATALOGI) GROUP(TUKIOGRP) BUNDLEDIR(/u/cics/bando/katalogi/)
CEDA INSTALL BUNDLE(KATALOGI) GROUP(TUKIOGRP)

Mstari wa kwanza ni wa muhimu: bila huo, terminali nyingi zinageuza kila unachoandika kuwa herufi kubwa, na zFS inatofautisha /u/cics na /U/CICS. Thibitisha kwa CEMT INQUIRE BUNDLE, CEMT INQUIRE EVENTBINDING na CEMT INQUIRE EPADAPTER. Vyote viwe vimewashwa.

Ukibadilisha kitu, kusambaza upya peke yake hakutoshi. Zima bando, liondoe kwa CEMT DISCARD, kisha lisakinishe tena.

Hatua ya 7: jaribu

Washa EGUI, agiza kalamu hadi stoku ishuke chini ya 24, kisha fungua CEBR TUKIO.STOKU. Utaona rekodi inayoanza na herufi EPFE, ikifuatiwa na vichwa vyenye jina la tukio na mazingira yake, na mwishoni data yako. Isome kwa jicho, herufi kwa herufi. Maelezo yakianza na "all Pens" badala ya "Ball Pens", unajua ofseti yako imekosea kwa moja.

Kisha jaribu yasiyotakiwa kutoka: agizo linaloacha stoku ikiwa 24 kamili, na muamala ulioulazimisha kuanguka kabla ya usawazishaji. Foleni isiongezeke.

Foleni ikiwa tupu wakati haikupaswa, nenda kwa mpangilio huu. CEMT INQUIRE EVENTPROCESS iseme STARTED. Fungamanisho liwe limewashwa. Tafuta kwenye logi ujumbe wa DFHEC kwa upande wa kunasa na DFHEP kwa upande wa kutuma. Baada ya hapo takwimu: zinaonyesha vichujio vilifanya kazi mara ngapi na matukio mangapi yalinaswa. Vichujio vingi na matukio sifuri maana yake ni masharti ya data, rudi kwenye kopibuku. Vichujio sifuri maana yake amri au jina la faili si lile unalodhani. Kwenye katalogi hii, kwa mfano, jina la faili linasomwa kutoka kwenye mipangilio ya EXMPCONF, ambayo mtu anaweza kuibadilisha kwa muamala wa ECFG bila kukuambia. CICS inalinganisha jina lililotumika wakati wa kazi, sio lile unaloliona kwenye kodi.

Siku ya kuzima

Ukihitaji kusimamisha matukio kwenye rijeni nzima, usikimbilie STOPPED, maana yaliyokuwa yanasubiri yatatupwa. Tumia DRAIN: yaliyokwisha kunaswa yanatoka kwanza, mapya hayanaswi, kisha CICS yenyewe inahamia STOPPED. Kama tatizo ni tukio moja tu, zima fungamanisho lake peke yake, CEMT SET EVENTBINDING(jina) DISABLED, na wengine waendelee na kazi zao.